Uso wa Mama wa Mganda

Mjini Vetrograd hapakuwa na mtu aliyetia shaka: Profesa Garvalov akishuka kilimani kutafuta uso, atauchukua wa Rositsa. Rositsa mwenyewe ndiye aliyekuwa na hakika kuliko wote. Umri ulikuwa umevuka thelathini, ameachana na mume, amerudi kukaa katika chumba chake cha usichana nyumbani kwa mama yake; lakini akipita sokoni na kikapu cha pilipili hoho, wanaume bado walisahau bei waliyokuwa wakibishania.

Ulikuwa mwaka wa kuelekea sherehe kubwa. Bulgaria ilikaribia kutimiza miaka elfu moja na mia tatu tangu iitwe nchi, na juu ya kilima kilichoukalia mji, mnara wa kumbukumbu ulikuwa ukipanda. Zilikuwa kuta za zege tupu, bila rangi wala chokaa, ndefu kama majengo ya ghorofa, na kila mbao za kumwagia zege zilipobanduliwa wafalme wa kale walijitokeza na farasi wao, wazito, pembe kwa pembe, kama waliokatwa kwa shoka. Upande wa wafalme ulikuwa umekwisha. Alibaki Mama, mwanamke mwenye mganda wa ngano kifuani, ambaye angesimama mbele yao wote akitazama bonde. Profesa alikuwa amemfinyangia nyuso kadhaa za udongo huko mji mkuu, akazivunja zote. Akasema anataka uso wa watu wa hapa hapa.

Rositsa hakungoja kutafutwa. Alikuwa fundi nywele kwenye saluni ya ushirika, akampa mpishi wa wajenzi ujumbe aupeleke kilimani: nywele za Profesa zimeanza kuitia serikali aibu. Profesa alicheka, akaja. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mjane, mabega mapana, vidole vyenye udongo uliokauka kwenye kucha. Rositsa alikuwa amevaa gauni lake la buluu. Alimkalisha, akamfunga shuka shingoni, akaanza kukata polepole, akihakikisha kwamba kila akigeuka, kioo kinamwonyesha upande wake mzuri, ingawa pande zote zilikuwa nzuri.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Aliingia Donka, dada yake mkubwa, unga hadi kwenye viwiko, kilemba kimemteleza kisogoni, amebeba banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini, iliyofungwa kwa taulo. Donka alifanya kazi kwenye tanuri la mkate mtaa wa pili. Alikuwa na pua kubwa, mashavu ya mfupa mpana, paji la uso lililochomoza kama kizingiti. Walipokuwa wadogo watu walimtazama yeye, kisha wakamtazama Rositsa, kisha wakamwonea huruma mama yao kwa la kwanza na kumpongeza kwa la pili.

"Kula kabla haijapoa," Donka alisema. "Wewe na njaa zako za urembo."

Profesa aliinua mkono, na mkasi ukasimama. Alikuwa akitazama kwenye kioo, na hakuwa akimtazama Rositsa.

"Huyu nani?"

"Dada yangu tu," Rositsa alijibu. "Ananiletea chakula."

Profesa aliinuka na shuka lake shingoni, akamzunguka Donka kama mtu anavyomzunguka farasi gulioni, akamwomba ageukie dirishani. Donka alimtazama juu hadi chini.

"Mzee wangu, una nywele upande mmoja. Kaa kwanza umalizwe."

Donka alipokwisha kwenda zake, Profesa alirudi kitini akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu njiani. Labda aliuona mkono wa Rositsa umekakamaa kwenye mkasi, maana aliona afadhali amweleze. "Uzuri wako ni wa karibu, binti. Ni uzuri wa mtu aliyekaa mbele yako na kikombe cha kahawa. Zege halijui mambo hayo, zege linataka mfupa. Dada yako ataonwa na mtu anayelima kule bondeni, tena bila kuinua shingo."

Rositsa akamalizia zile nywele. Pande zote zikalingana, na hilo ndilo pekee alilotoka nalo siku ile.

Donka aliposikia alilolitaka Profesa, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Alisema ana mikate ya kuoka, na kwamba nchi ikimweka yeye mbele ya wafalme, wafalme watageuza farasi. Aliyemshawishi ni mumewe, Stamen. Stamen alikuwa mkuu wa maseremala pale kilimani, wale wanaopanga mbao za kumwagia zege, na tangu siku ile alitembea kama mtu aliyepewa nishani. Aliwaambia wenzake kwamba yeye ameujua uso ule miaka kumi na minne kabla ya Profesa.

Jambo hili nalo lilimchoma Rositsa mahali pake. Kwa maana Stamen alianza kwa kumtaka yeye. Alikuwa kijana wa kimya mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, naye Rositsa akamcheka mbele ya marafiki zake. Baadaye kijana akamwoa Donka, na Rositsa akacheza ngoma kwenye harusi yao kwa moyo mweupe wa mtu aliyegawa koti la zamani. Koti hilo likakaa vizuri mno mwilini mwa mwenzake. Stamen alimchongea mkewe chano cha kukandia unga, alimwezekea kibaraza, na jioni walikaa hapo wakimenya maharage na kuchekana. Mume aliyemchagua Rositsa, mtu wa gari na tai, alimwacha kwa mwanamke wa Varna.

Basi kila Jumamosi Donka alipanda kilimani kwenye banda la Profesa, akakaa kwenye kiti. Na mji ukabadilika. Watu waliokuwa wakimwambia "wewe Donka, mikate miwili" sasa walisema "Bi Donka, habari za huko juu?" Ndugu Katibu wa kamati ya mji alimpa mkono hadharani. Saluni, wanawake waliokaa kwenye kiti cha Rositsa hawakuwa na habari nyingine: kumbe Donka ana mfupa, kumbe ukimtazama vizuri ana kitu. Mmoja aliomba akatwe nywele ili paji lake la uso lionekane. Rositsa akamkata.

La kumuudhi zaidi ni kwamba Donka naye alibadilika. Hakujivuna; angejivuna, ingekuwa nafuu. Alianza tu kutembea wima. Miaka yote alikuwa akiinamisha kichwa kidogo akiingia mahali, kama anayeomba radhi kwa pua yake, na sasa aliacha. Rositsa, aliyekuwa hajawahi kuona kuinama kule, alikuona kulipoondoka. Alihisi kama mtu aliyeibiwa, na hakuweza kusema ameibiwa nini.

Stamen alikuja kukatwa nywele mwanzoni mwa vuli. Saluni ilikuwa haina mtu mwingine. Alikuwa akizungumza, yeye asiyezungumza, juu ya namna atakavyolipanga umbo la uso wa mkewe kwa mbao: kila kilichotokeza lazima kiwe shimo, pua ni shimo, shavu ni bakuli. Rositsa alimsikiliza. Maneno yakatoka yenyewe, kwa sauti nyepesi, huku anamfuta nywele sikioni.

"Shemeji, uso mmoja unafinyangwa muda wote huo? Wafalme nasikia walimalizwa kwa siku chache."

Stamen alisema Mama ndiye mkubwa kuliko wote.

"Sawa. Mimi nimeuliza tu. Mjane yule, mikono yake ile, na mlango wa banda huwa unafungwa." Akapuliza shingo yake. "Haya, umependeza."

Kwenye kioo aliiona ile sura ya kimya inaingia ndani na kufunga mlango.

Jumamosi iliyofuata Stamen aliacha kazi katikati ya asubuhi, akashuka kutoka kwenye kiunzi, akaenda bandani bila kubisha. Akamkuta Donka amefumba macho, na vidole gumba vya Profesa viko juu ya mashavu yake, vinasogea polepole kuelekea masikioni. Stamen hakumgusa mtu. Alikiendea kichwa cha udongo juu ya meza, kikubwa kuliko mtungi, kimebakia kulainishwa tu, akakisukuma kwa mikono miwili. Kikaanguka, kikabondeka, kikawa udongo.

Mchana huo huo mji mzima ulijua. Ndugu Katibu alitaka kesi, kwa kuwa ile ilikuwa mali ya taifa na kuiharibu si mzaha. Profesa ndiye aliyemwokoa Stamen: alishikilia kwamba udongo ulikuwa bado mbichi na meza ilikuwa mbovu, akashikilia hivyo kwa kila aliyemuuliza. Lakini Donka hakumwokoa. Aliweka nguo za mumewe kwenye begi, akaliweka begi kibarazani. Alimwambia kwamba si kwa ajili ya udongo. Ni kwa sababu miaka yote hiyo yeye Donka alijua kwamba ni mbaya wa sura, lakini amepata mume anayemwamini. Sasa kumbe alimwamini kwa sababu ya ubaya wake tu, akidhani hakuna mwingine atakayemtaka. Stamen akahamia kwenye bweni la wajenzi. Na bandani Donka akaapa hatorudi. Alimwambia Profesa neno moja, hapana, akageuka na kurudi kwenye tanuri lake, na watu waliona kichwa kimeanza tena kuinama.

Rositsa alilisikia hilo saluni, akiwa na mkasi mkononi. Hofu ilimpitia, kweli. Lakini chini ya hofu palikuwa na furaha ndogo iliyokaa ikiota moto.

Haikupita wiki Profesa akamtumia ujumbe: aje bandani, tafadhali, muda umekwisha na mbao lazima zianze kupangwa.

Alivaa lile gauni la buluu. Alikaa kwenye kiti kile kile, akafumba macho alipoambiwa afumbe, na akahisi vidole gumba vikimshika mashavuni. Alikuwa amekwisha kujiandaa kwa hilo. Alingoja vidole viseme kitu, maana vidole vya wanaume alivijua, vyote husema. Hivi havikusema. Vilikuwa baridi, vilitafuta mfupa chini ya nyama kama mtu anayetafuta jiwe kwenye dengu, na Profesa akipumua kwa mdomo na kufikiria mambo yake. Donge la unga lingepata heshima ile ile. Rositsa alikaa pale na, kwa mara ya kwanza, akaelewa kile ambacho Stamen alidhani amekiona, na ambacho hakikuwapo.

Hata hivyo aliendelea kuja. Profesa aliufunika udongo kwa shuka lenye maji kila jioni, asimwonyeshe. Alipenda kumsemesha wakati wa kazi, akimuuliza habari za utotoni, za mama yao, za Donka hasa, akisema uso wa mtu anayezungumza ni hai zaidi. Rositsa alizungumza. Mjini alishaanza kuitikia salamu kwa kichwa kilichoinuliwa kidogo.

Siku moja Profesa aliitwa nje, kreni ilikuwa imekwama. Rositsa aliinuka akalifunua lile shuka.

Alikuwa ni Donka. Paji ni la Donka, pua ni ya Donka, mashavu yale mapana yanayoshika mwanga. Uzuri wake mwenyewe haukuwamo hata chembe.

Profesa alipoingia alimkuta amesimama hapo. Hakujaribu kuficha.

"Mna fuvu moja," alisema. "Mama mmoja, mifupa ile ile. Wewe umefunikwa vizuri, basi. Yeye amekataa kuja, na mimi mikono yangu ilishaanza kumsahau. Nilihitaji pa kushika."

"Kwa hiyo nimekaa hapa kama kabati."

"Umekaa hapa kama dada yake."

Kipande cha chuma cha kuchongea kilikuwa mezani, karibu na mkono wake. Alikiangalia. Ingekuwa kazi ya pumzi moja, na safari hii kusingekuwa na fuvu la tatu la kuazima. Akautazama tena ule uso, kwa chuki, kwa umakini wa chuki, akitafuta pa kuanzia. Ndipo alipoona kwamba mdomo si wenyewe. Profesa alikuwa amempa mdomo wa huzuni, mdomo wa wajane kwenye picha za kitaifa. Donka hakuwa na mdomo huo. Donka alikuwa anakaza mdomo wa chini upande wa kushoto, kidogo tu, kama anayezuia kicheko. Mama yao alipokuwa akimfokea Rositsa, Donka alikuwa akisimama nyuma ya mama na kumwonyesha mdomo huo, ili mdogo wake asilie. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua kutoka mbele namna ile.

"Umekosea mdomo," Rositsa alisema.

Profesa hakuelewa alichokuwa akiambiwa, akamkabidhi kile chuma aonyeshe mwenyewe. Rositsa hakukitumia. Alibonyeza kwa kidole chake mwenyewe, mara moja, upande wa kushoto. Na pale mezani ikawa kama Donka mwenyewe ameingia.

Kutoka bandani alikwenda moja kwa moja bwenini kwa wajenzi. Stamen alikuwa ananoa randa. Rositsa alisimama mlangoni, hakukaribishwa kukaa.

"Nimekaa kwenye kile kiti," alisema. "Amenishika vile vile ulivyoona. Hakuna kitu pale, Stamen. Hata mbao unazishika kwa mapenzi zaidi."

Stamen aliendelea kunoa. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kama ni hivyo, kwa nini alisema yale maneno.

"Kwa sababu Profesa alikuja kutafuta uso saluni kwangu, na wangu hakuuona."

Alidhani atamtukana. Stamen alimtazama kama mtu anayepima ubao akauona umepinda, akamwambia aende.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Stamen alipanga mbao za uso ule yeye mwenyewe, hakumruhusu mwingine. Walimsikia akigonga ndani ya shimo la pua na bakuli la mashavu huku theluji inaanguka. Kila Jumapili alikwenda kusimama mbele ya kibaraza cha Donka. Mwanzoni Donka hakutoka. Baadaye alitoka akamwambia paa la banda la kuni linavuja. Akaliziba, akarudi bwenini. Ilikuwa karibu na Pasaka aliporuhusiwa kuvuka kizingiti, na hata hapo alilala jikoni kwa muda kabla ya mambo kutengenea.

Kwa Rositsa, Donka hakuja. Banitsa haikuja. Wakikutana kwa mama yao walipitishiana chumvi, basi.

Mnara ulifunguliwa siku ya jua kali la vuli. Mji mzima ulipanda, na vijiji vyote vya bonde, na bendi, na wakubwa kutoka mji mkuu wakahutubia mpaka watoto wakasinzia. Shuka kubwa liliposhushwa, watu hawakupiga makofi mara moja. Mama alisimama mbele ya wafalme, kijivu, mkubwa kiasi kwamba njiwa waliotua puani walionekana kama vipele. Alama za mbao za Stamen zilikuwa bado kwenye mashavu, mshipa kwa mshipa. Na kwenye kona ya mdomo alikuwa akizuia kicheko, mbele ya hotuba zote zile, na watu walipoliona hilo walianza kutabasamu bila kujua sababu.

Rositsa alikuwa amesimama pembeni peke yake. Donka alimjia kati ya watu, amevaa viatu vipya vinavyombana, akasimama ubavuni mwake. Walitazama juu.

"Wamenifanya mkubwa mno," Donka alisema. "Nitajificha wapi mimi sasa?" Halafu, kwa sauti ile ile: "Najua ni nani aliyemtia Stamen maneno. Profesa naye ameniambia mdomo ni wa nani."

"Dada," Rositsa alianza.

"Sijakusamehe. Usinisukume. Nishike tu mkono tushuke, viatu hivi vinaniua."

Akamshika. Walianza kuteremka zile ngazi, Donka akimwegemea kwa uzito wake wote, na ulikuwa uzito mzuri. Lakini kila hatua kadhaa mtu aliwasimamisha: wakulima wa bonde wakivua kofia, wanawake wasiowajua wakitaka kumgusa Donka bega. Walimwangalia yeye, kisha juu, kisha yeye tena. Hakuna aliyemtazama Rositsa, aliyekuwa amevaa vizuri kuliko wote pale, na moto ule wa zamani ukawaka mahali pake pale pale, kana kwamba haujawahi kuzimwa na lolote alilolitenda.

Kwenye ngazi za chini mpiga picha wa gazeti aliwakimbilia, akamwomba Bi Donka asimame hivi, mnara uwe nyuma yake. Akaweka jicho kwenye kamera, akalitoa.

"Samahani, mama," alimwambia Rositsa. "Wewe sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

Donka alifungua mdomo kumjibu. Rositsa alimwachia mkono kabla hajasema, akampokea mkoba ili asionekane nao, akasogea.